Nani Atalipa Nauli ya Safari Yako?

Somo: Mathayo 4:5-7, 2 Samweli 23:13-17, Wafilipi 2:25-30



Swali ambalo nimeulizwa zaidi miezi hii miwili si la siku za mwisho wala la fungu la kumi. Naulizwa mlangoni baada ya ibada, naulizwa kwa simu saa nne usiku, juzi nimeulizwa nikiwa kwa kinyozi: "Pasta, nisafiri ama nisisafiri?"

Mwaka jana swali hili halikuwepo. Kuanzia 25 Machi 2020 hadi 1 Agosti 2020 ndege za abiria za kutoka na kwenda ng'ambo zilisimamishwa. Ungetaka kwenda, ungeenda na nini? Serikali ilituamulia, sisi tukaomba na kungoja. Sasa ni Julai 2021 na mambo yamekuwa nusu nusu. Ndege zinaruka. Lakini Uingereza imetuweka kwenye orodha nyekundu tangu 9 Aprili, na hata mwenye haki ya kuishi kule akirudi anafungiwa hotelini siku 10 na kulipishwa pauni 1,750. Nchi nyingine zinakupokea ukiwa na kipimo tu. Huku kwetu kafyu ni saa nne usiku, lakini kwenye zile kaunti 13 za upande wa ziwa na magharibi, tangu mwezi jana ni saa moja jioni. Chanjo iko, lakini si ya kila mtu. Kwa hivyo uamuzi umerudi kwako na kwangu, na wengi wetu hatukuwa tumejiandaa kuupokea.

Najua wengine wanataka pasta aseme ndiyo au la, waende zao. Sitafanya hivyo, manake nimewajibu watu wawili majibu mawili tofauti, na yote mawili nayasimamia. Wote wawili wameniruhusu nisimulie, na nimebadilisha mambo machache ili usianze kuangalia kiti cha nani kiko wazi Jumapili.

RUHUSA SI JIBU

Kwanza tuondoe kitu kimoja njiani. Watu wengi wakiniuliza kama wasafiri, wameshajijibu hivi: "Viza ninayo, tikiti ninayo, kipimo kimetoka safi. Sasa shida iko wapi?"

Kipimo ni kizuri, na sheria tuifuate. Lakini hebu tuelewe kipimo kinasema nini. Kinasema kwamba siku ile ulipochukuliwa, kirusi hakikuonekana puani mwako. Hakisemi juu ya matatu uliyopanda jioni ile ukirudi nyumbani, wala foleni ya uwanja wa ndege siku mbili baadaye. Ugonjwa huu unaweza kukaa ndani ya mtu hadi siku 14 kabla hajasikia lolote, na wengine hawasikii kitu kabisa na bado wanauambukiza. Yaani cheti chako kinaweza kuwa cha kweli, na wewe ukawa umebeba.

Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya watu waliokuwa wakisema mambo yote ni halali kwao. Katika 1 Wakorintho 10:23-24 hakubishana nao kuhusu uhalali. Aliwauliza kama jambo hilo linajenga, kisha akawaambia kila mmoja atafute faida ya mwenzake kabla ya yake. Sheria inakuambia mpaka uko wapi. Haikuambii umpende nani.

ZABURI 91 KWENYE KINARA CHA HEKALU

Hapa nitasema kwa upole, kwa sababu ni zaburi ambayo mama yangu alinifundisha nikiwa na miaka sita. Tangu kisa cha kwanza cha Kenya kitangazwe tarehe 13 Machi 2020, sijui kama kuna andiko limesomwa kwetu kuliko Zaburi 91. Tumeiomba kwenye mikesha ya simu. Wengine wameibandika mlangoni. Na ni Neno la Mungu, ahadi zake ni ndiyo na amina.

Lakini fungua Mathayo 4 uone ni nani mwingine aliyeitumia. Shetani alimpeleka Yesu juu ya kinara cha hekalu akamwambia ajitupe, na andiko alilompa kama sababu ni hilo hilo la Zaburi 91, la malaika kumchukua mikononi. Andiko lilikuwa sahihi, mstari ulikuwa sahihi. Yesu akakataa kwa Kumbukumbu la Torati 6:16: hatumjaribu Bwana Mungu wetu.

Angalia vizuri, mpendwa. Yesu hakukataa kwa sababu hakuamini ulinzi wa Baba. Huyo huyo baadaye aligusa wenye ukoma, tena akapanda kwenda Yerusalemu akijua anachokiendea. Alikataa kuruka kwa sababu hapakuwa na mtu chini aliyehitaji aruke. Ilikuwa hatari ya bure, kisha ikaitwa imani.

Kwa hivyo mtu akiniambia, "Pasta, mimi naenda kwa imani," huwa sijadili imani yake. Namuuliza tu: "Kule chini kuna nani anayekuhitaji?"

MTU WA TATU AMBAYE HAKUITWA MEZANI

Wengi mnajua kabla ya huduma nilisomea mambo ya biashara. Kuna jambo moja la darasani ambalo limenisaidia kwenye uchungaji kuliko nilivyotarajia. Tulifundishwa kwamba kuna gharama ambayo muuzaji halipi na mnunuzi halipi. Anailipa mtu wa tatu, ambaye hata hakujua kuna biashara.

Mfano wake ni rahisi. Kiwanda kinauza vitu kwa bei ya chini kwa sababu maji yake machafu kinayamwaga mtoni usiku. Mwenye kiwanda anafurahi, mnunuzi anafurahi. Mama anayeishi huko chini ya mto, ambaye hakuuza wala hakununua, ndiye anampeleka mtoto hospitali. Ukiangalia vitabu vya hesabu vya kiwanda, faida ipo, imeandikwa kwa wino. Lakini sehemu ya faida hiyo ni pesa ya huyo mama.

Magonjwa ya kuambukiza yanafanya kazi hivyo hivyo. Kirusi hakina miguu, kinatembea na watu. Homa kubwa ya mwaka 1918 iliingia kwetu kupitia bandari ya Mombasa, ikapanda bara na reli, ikafika vijiji ambavyo havijawahi kuona meli. Aliyeshuka melini alikuwa na sababu yake ya kusafiri, pengine nzuri kabisa. Mzee wa kijijini ndiye aliyelipa sehemu ya nauli.

Ndiyo maana nasema swali la kwanza la msafiri wakati wa janga si "Je, ninaogopa?" wala "Je, nina imani ya kutosha?" Maswali hayo yote mawili yanakuhusu wewe. Swali ni hili: nikikosea, nani atalipa?

KIJANA WA LUTHULI

Ndugu mmoja wa kanisa letu anauza vifaa vya simu pale Luthuli Avenue. Alitaka kwenda Dubai siku tano kuchagua mzigo mwenyewe. Kuagiza kwa WhatsApp kumemchosha. Unatumiwa picha ya kitu kizuri, kinakuja kingine. Nilimwelewa. Nikamuuliza, "Ukirudi utakuwa wapi?"

Akasema, "Nafika Ijumaa. Jumamosi naenda Kakamega kumwona nyanya, nimpelekee pesa na vitu kidogo."

Nyanya yake ndiye aliyemlea. Ana miaka zaidi ya 80, ana sukari, na alikuwa bado hajapata chanjo.

Nikamwambia, "Ndugu yangu, Dubai si shida. Shida ni Jumamosi."

Tukakaa na kalamu. Akiahirisha Kakamega na ajitenge siku 14, nyanya yuko salama. Lakini duka? Duka ni la kusimama uso kwa uso na wateja, kwa hivyo ilibidi lifungwe pia. Faida aliyotarajia baada ya tikiti, viza na vipimo ilikuwa kama shilingi 70,000. Kufunga wiki mbili kungekula zaidi ya hiyo. Akaweka kalamu chini. "Basi Pasta, hii safari haina faida."

Nikamwambia haikuwa nayo tangu mwanzo. Ilionekana ina faida kwa sababu sehemu ya gharama alikuwa amemwandikia nyanya, na nyanya hakuwa ametia sahihi.

Hakufurahi. Aliniuliza swali zuri sana, na nataka ulisikie kwa sababu ni swali lako pia: "Na kama hakuna kitu kingetokea? Si watu wanaenda na kurudi kila siku?"

Ni kweli. Kwa uwezekano mkubwa hakuna kitu kingetokea. Lakini chukua mfano huu. Mtu amechukua hati ya shamba la jirani yake kisirisiri, akaiweka benki kama dhamana ya mkopo. Akafanya biashara, akalipa mkopo wote, akairudisha hati kabatini. Jirani hakupoteza hata inchi moja. Je, hakumkosea? Wakenya, kwa hii mambo ya mashamba tunavyoijua, hakuna atakayeniambia ni sawa. Kosa halikungoja benki ije na mnada. Kosa lilifanyika siku alipoweka rehani kitu kisicho chake.

Mwili wa nyanya ni hati ya nani? Si ya mjukuu.

Sasa usinielewe vibaya. Kila siku tunawekeana hatari ndogo ndogo. Ukiendesha gari unaweza kumgonga mtu, na hatusemi magari yasimame. Lakini tunasema uendeshe polepole mbele ya shule, na uwe na sababu ya kukimbia ukikimbia. Hatari ikiwa kubwa zaidi, na anayeibeba akiwa mnyonge zaidi, sababu yako nayo inapaswa kuwa nzito zaidi. Hiyo tu.

Kijana hakwenda. Aliagiza kwa WhatsApp mara moja zaidi, na sehemu ya mzigo, kama alivyoogopa, ikaja mbovu. Nasema hivyo ili usifikiri utii huleta mzigo mzuri kila mara. Alipoteza pesa kweli. Lakini ilikuwa pesa yake.

MAJI YA BETHLEHEMU NA SAFARI YA EPAFRODITO

Biblia ina hadithi mbili ambazo naziweka pamoja kila nikifikiri jambo hili.

Ya kwanza iko 2 Samweli 23. Daudi yuko pangoni Adulamu, Wafilisti wameshika Bethlehemu, mji wa kwao. Akatamani maji ya kile kisima cha langoni. Si kwamba alikuwa akifa kwa kiu. Alikumbuka tu nyumbani, kama vile wewe ukiwa mbali unavyotamani chai ya mama. Mashujaa watatu wakasikia, wakapita katikati ya maadui, wakateka, wakaleta. Daudi akayashika yale maji, akakataa kuyanywa. Akayamimina mbele za Bwana, kwa sababu kwake yalikuwa kama damu ya wale watu.

Fikiria, hao watatu walijitolea wenyewe. Hakuwalazimisha. Na bado Daudi aliona kwamba hamu yake haitoshi kulipwa kwa maisha ya wengine.

Ya pili ni Wafilipi 2. Paulo amefungwa. Kanisa la Filipi likamtuma Epafrodito ampelekee msaada na kumhudumia. Safari ndefu, na akaugua, karibu kufa. Je, Paulo alimkemea kwa kusafiri? Hapana. Aliliambia kanisa limpokee kwa furaha na kuwaheshimu watu kama yeye, kwa sababu aliponea chupuchupu akiifanya kazi ya Kristo, akauhatarisha uhai wake kujaza pengo ambalo wao kwa umbali wao hawangeweza kulijaza.

Kwa hivyo Mungu hapingi safari yenye hatari. Tofauti iko wapi? Epafrodito alikwenda kwa hitaji la mtu mwingine. Maji ya Bethlehemu yalikuwa hamu. Epafrodito aliweka uhai wake mwenyewe. Kwa Daudi, uhai uliowekwa ulikuwa wa wengine. Na Epafrodito alitumwa, kanisa lilijua na likakubali. Sijaona mahali Biblia inamsifu mtu kwa ujasiri wa kuhatarisha maisha ya jirani yake.

Wazee wetu wa imani walipambana na swali hili hili. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg, Ujerumani. Mtawala alimwambia Martin Luther aondoke na chuo kikuu kihamie Jena. Luther akabaki kuhudumia wagonjwa, mke wake Katharina akiwa mjamzito na nyumba yao imegeuka kuwa kama hospitali. Wachungaji wa Breslau wakamuuliza kwa barua kama Mkristo anaweza kukimbia tauni. Jibu lake halikuwa moja kwa wote. Mwenye watu wanaomtegemea, kama mchungaji, kiongozi au mwenye mgonjwa nyumbani, abaki. Asiye na mzigo huo ana uhuru wa kuondoka. Na juu yake mwenyewe alisema, kwa maana hii: mahali pasiponihitaji nitapaepuka, nisije nikawaambukiza wengine na kuwa chanzo cha kifo chao, lakini jirani yangu akinihitaji, nitakwenda bila kusita. Miaka karibu 500 imepita, na sijapata kipimo kizuri kuliko hicho.

MAMA WA MAPACHA

Sasa jibu la pili. Mama mmoja wetu, miaka 63, ana presha. Binti yake huko Minnesota alikuwa anatarajia mapacha kwa upasuaji, mume anafanya kazi za usiku, na hana ndugu karibu. Nyote mnajua maana yake. Mama akaitwa.

Watoto wake wengine hapa Nairobi walimkataza. Walikuja kwangu wakitaka nimtishe kidogo. Nikakataa kumtisha, nikamwita mwenyewe tukaongea.

Hapo kulikuwa na hitaji, si hamu. Aliyebeba hatari kubwa zaidi ni mama mwenyewe, na alikuwa ameikubali macho yake yakiwa wazi. Lakini kulikuwa na watu wengine wawili kwenye hesabu ambao hawangeweza kukubali wala kukataa: wale mapacha, pamoja na mama yao mwenye kidonda kipya. Kwa hivyo sikumwambia asiende. Tulitafuta namna ya mzigo kubaki kwake na usiwaangukie wao.

Alikuwa amepata chanjo ya kwanza mwishoni mwa Machi, ilipofunguliwa kwa wenye miaka zaidi ya 58. Ya pili ilikuwa baada ya wiki 12. Akasogeza tikiti mbele hadi apate ya pili na siku zipite, ingawa ilimaanisha kukosa siku yenyewe ya kuzaliwa. Na tukakubaliana akifika akae chumba cha nyuma wiki nzima, apimwe tena, ndipo awashike.

Aliniuliza, na sauti ilikatika kidogo: "Pasta, nipande ndege masaa hayo yote, halafu nikae wiki moja nikisikia wajukuu wangu wakilia nyuma ya mlango?"

Nikamwambia ndiyo, Mama. Hiyo wiki ndiyo nauli yako. Ukiikataa, watailipa wao.

Alikaa kimya, kisha akasema atabeba sufu afume wakati huo. Ameondoka Alhamisi iliyopita. Ninapoandika haya bado yuko kwenye kile chumba. Mwombeeni.

NA MIMI

Si haki niwape wengine kalamu nisijiandikie. Mwezi huu nilikuwa na nafasi ya mafunzo ya wachungaji vijana, Texas, siku tisa. Viza ilikuwa tayari, na nafasi hiyo nimeiombea miaka mitatu. Hakuna sheria iliyonizuia.

Nikajiuliza yale maswali. Kuna mtu kule anayenihitaji? Hapana, mimi ndiye niliyehitaji, na masomo mengi yangepatikana kwa Zoom. Nikirudi, nani atalipa? Kazi yangu ni ya mikono. Naweka mikono juu ya wagonjwa, nakaa kitandani kwa wazee, napanga foleni ya mazishi pamoja na wafiwa. Kujitenga wiki mbili kungeacha nyumba hizo bila mtu, na mwezi huu zilikuwa nyingi. Nisipojitenga, ningezibebea kitu ambacho hawakukiomba.

Nimeiacha. Iliniuma, na sijui kama itarudi. Pesa ya nafasi niliyokuwa nimelipa hairudishwi, na kwa siku mbili pesa hiyo ilikuwa inaniambia niende. Hilo nalo nilifundishwa darasani: pesa iliyokwisha kuzama haina haki ya kupiga kura. Iwe umesafiri au umebaki, imeenda. Usikubali tikiti ikuamulie mambo ya uhai wa mtu.

KUBAKI NAKO KUNA BILI

Sasa naongea na wale wanaotikisa kichwa kwa furaha tangu mwanzo, kwa sababu wao wamejifungia na hawaendi popote. Mpendwa, kubaki nako kunalipwa na mtu. Nyanya asiyetembelewa mwaka mzima analipa. Wahudumu wa hoteli za Diani na Watamu waliorudishwa nyumbani wamelipa kwa wageni ambao hawakuja. Mwaka 2020 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 3; hiyo ni karo, dawa na unga wa watu wengi tunaoketi nao. Mtu asiseme kila safari ni anasa. Woga pia hujua kuvaa nguo za busara.

Kuna dada wa miaka 24 katika kanisa letu mwenye mkataba wa kazi za nyumbani Saudi Arabia. Ana watoto wawili na baba yake hawezi kufanya kazi. Wengi wamemwambia, "Usiende wakati huu wa korona, ngoja." Ushauri mzuri. Lakini katika wote waliomshauri, sijasikia aliyemwambia, "Ngoja, na karo ya muhula huu iko hapa."

Yakobo 2:15-16 inamzungumzia mtu anayemwambia ndugu asiye na nguo wala chakula aende kwa amani akashibe, bila kumpa chochote. Nafikiri kumwambia mtu "baki kwa amani" bila kumpa chochote ni dhambi hiyo hiyo. Tukimtaka asisafiri ili sisi na wengine tuwe salama, basi usalama huo tunaununua kwa riziki yake, na yeye amegeuka kuwa mtu wetu wa tatu. Swali la nani analipa linageuka linatutazama sisi.

Kwa hivyo wazee wa kanisa wamekubali: mfuko wa huruma wa mwezi huu na ujao utaangalia familia yake kwanza, ili akiamua kwenda aende bila kusukumwa na njaa, na akiamua kungoja aweze kungoja. Namba ya M-Pesa ni ile ile ya kanisa. Andika neno HURUMA.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Safari ninayoifikiria ni hitaji la mtu au ni hamu yangu? Nani kule ananihitaji mimi, na si pesa yangu au sauti yangu kwa simu?

2. Nikikosea, nani atalipa? Mtaje kwa jina. Je, anajua? Amekubali?

3. Naweza kuubeba mzigo huo mwenyewe, kwa kungoja chanjo, kwa kujitenga, kwa kufunga duka? Safari ikishindwa kulipia hayo, je, kweli ninaimudu?

4. Kuna mtu tumemwambia "usiende" bila kumsaidia kubaki?

Ukiyajibu mbele za Mungu na moyo ukatulia, nenda, mpendwa, na usiogope. Zaburi 91 iko nawe njiani. Na ukiona ni heri ubaki, baki, lakini piga simu nyumbani leo.

Tuombe: Bwana, tupe ujasiri wa Epafrodito pale tunapohitajika, na utupe moyo wa Daudi tuweze kumimina maji tuliyoyatamani sana, tukiona ni mwingine atakayeyalipia. Walinde walio safarini wiki hii. Mkumbuke mama yetu na wale watoto wawili. Katika jina la Yesu, amina.

Mchungaji Msaidizi